Taa ya injini na kodi P0325: pima kabla hujanunua noki sensa

Gari nyingi zinazoletwa kwangu na tatizo hili zimetoka Unguja. Kule barabara ni tambarare, mtu anatoka Fuoni hadi Darajani na kurudi bila ya injini kuombwa nguvu ya kweli. Siku gari inaposhushwa melini Mkoani, huku Pemba, inakutana na kilima palepale kutoka bandarini. Dereva anakanyaga, gari inavuta kama iliyofungwa kamba nyuma, halafu taa ya njano ya injini inawaka. Inapimwa kwa mashine, inasomeka kodi (namba ya hitilafu) P0325, anaambiwa noki sensa, kifaa kinachosikiliza injini ikigonga, imekufa, na safari ya kutafuta spea inaanza. Nimeshaona watu wametoa pesa za sensa mbili na tatu kwa ajili ya waya usiozidi kiganja. Inaniuma, kwa sababu vipimo vya kuepuka hasara hiyo vinataka mita ya kawaida na nusu saa ya subira. Hapa naeleza ninavyopima mwenyewe gerejini Chake Chake, kabla sijamwambia mtu akanunue kitu.

Sikio la injini

Ndani ya noki sensa mna kipande cha fuwele ambacho kikibanwa au kikitikiswa hutoa umeme mdogo sana. Sensa inafungwa kwenye bloku, yaani mwili wa chuma wa injini, chuma kwa chuma, ili mtikisiko wa bloku uifikie moja kwa moja.

Inasikiliza nini? Petroli na hewa ndani ya silinda zinatakiwa ziwake kwa utaratibu: cheche inatoka kwenye plagi, moto unaenea mpaka ukutani. Joto na mgandamizo vikizidi, ile sehemu ya mchanganyiko iliyo mbali na plagi inajilipukia yenyewe kabla moto haujaifikia. Mlipuko huo unapiga kuta za silinda, na bloku inalia kwa mitikisiko kiasi cha 6,000 hadi 8,000 kwa sekunde katika injini ndogo kama za Vitz, IST na Probox. Sensa ikiusikia mlio huo inapeleka umeme wake kontroli boksi, kompyuta ya injini. Kontroli boksi inachelewesha cheche kidogo mpaka mlio uishe, kisha inairudisha taratibu. Kazi hii inafanyika muda wote wa safari na dereva hana habari.

Sikio likinyamaza, kontroli boksi haibahatishi. Kwenye Toyota, ikiona umeme wa sensa hauji au si wa kawaida, inawasha taa na kuchelewesha cheche kwa kiwango cha mwisho, na inakaa hivyo mpaka uzime swichi. Injini inalindwa, lakini nguvu zinapotea na mafuta yanaliwa zaidi. Uzito wa kilimani unatoka hapo.

Gari inakwambia nini

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni hii: gari nzito kwenye vilima, taa imewaka, unaegesha na kuzima, ukiwasha tena inapanda vizuri kwa muda, halafu uzito unarudi ghafla. Hiyo ni tabia ya kontroli boksi iliyojifunga kwenye hali ya kujilinda. Shuku saketi ya sensa.

Ikiwa taa haijawaka, lakini ukikanyaga kilimani unasikia mlio mwembamba kama wa kokoto ndani ya kopo, sensa inaweza kuwa nzima na inafanya kazi yake. Injini inagonga kweli, na kuchelewesha cheche peke yake hakutoshi. Kubadilisha sensa hapa ni sawa na kumpa dawa ya masikio mtu anayesikia vizuri. Nitarudi kwenye sababu zake.

Taa inayowaka masika, au siku moja baada ya injini kuoshwa kwa mashine ya maji, ikazimika jua likitoka, hiyo ni maji kwenye soketi. Injini za V6, kama zile za Harrier za zamani, zina sensa mbili zilizolala bondeni katikati ya injini, chini ya menifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda). Maji yakiingia mle hayana haraka ya kutoka.

Mlio mzito wa chuma unaosikika hata gari ikiwa imesimama, unaoongezeka ukikanyaga, si habari ya sensa. Pima oili na zima injini. Huenda beringi za konrodi zimekwisha, na kila dakika unayoiendesha gari hiyo unaongeza gharama. Na gari inayomisi, inayotetemeka ikiwa sailensi, yaani imewashwa bila ya kukanyagwa, ianzie kwenye koili za cheche na plagi, usifike huku.

Kuhusu kodi zenyewe: P0325 inataja saketi ya sensa ya kwanza, P0327 umeme wake uko chini kuliko kawaida, P0328 uko juu. P0330 ni saketi ya sensa ya upande wa pili kwenye injini za V. Lishike hilo neno saketi. Mashine haijasema sensa imekufa. Imesema njia nzima, kutoka kwenye sensa mpaka kwenye kontroli boksi, ina kasoro mahali fulani. Kwenye Toyota zenye sensa ya waya mbili, P0328 mara nyingi ni waya uliokatika au soketi iliyochomoka, na P0327 ni waya uliogusana na mwenzake au na bodi.

Waya kwanza

Msimu mmoja wa karafuu alinijia mwalimu wa skuli kutoka upande wa Wete, na gari yake ndogo ya Toyota, injini aina ya 1NZ. Akanambia, "Fundi, hii ni sensa ya tatu. Ya kwanza used, mbili mpya. Taa haikai siku mbili bila ya kuwaka."

Nikamuuliza, "Mwalimu, zile mbili za mwanzo umezitupa?"

"Hata. Zimo kwenye buti, zimefungwa gazeti."

Nikazipima zote tatu, pamoja na ile iliyokuwa kwenye injini. Zote nzima. Nikaingiza tochi chini ya menifoldi, na pale kwenye pembe palikuwa na kiota cha panya: makumbi ya nazi, vipande vya karatasi na makonyo makavu ya karafuu. Panya alishautafuna waya wa sensa zamani, na fundi wa mwanzo aliona tatizo, kwa hilo apewe haki yake. Lakini aliunga kwa waya wa spika, akaupitisha juu pamoja na nyaya za koili, akafunga wote kwa tepu moja.

Waya wa noki sensa si waya wowote tu. Umeme unaopita mle ni mdogo mno, na kiwandani waya huo umevikwa wavu wa chuma nje yake ili kelele za umeme za koili zisiingie. Ukiondoa wavu huo na kuulaza waya pembeni ya koili, kontroli boksi inasikia cheche za koili badala ya bloku. Siku ya baridi na barabara tambarare inavumilia, kilimani inashindwa. Mwalimu angeweza kununua sensa kumi.

Kwa hivyo kagua hivi. Chomoa soketi ya sensa, itazame kwa tochi. Hewa yetu ina chumvi, na pini za shaba hushika unga wa kijani. Unga huo usafishe kwa dawa ya kusafishia kontakti na brashi laini, si kwa kisu. Angalia kama lile jino la kushikia soketi limevunjika, maana soketi inayochezacheza inatosha kuleta kodi. Kisha fuata waya kwa vidole, sentimita kwa sentimita, hasa unapopita karibu na ekzosi na unapopinda.

Halafu pima umeme. Soketi ikiwa imechomolewa, washa swichi bila ya kuwasha injini, weka mita kwenye volti za DC, gusa matundu mawili ya soketi inayotoka upande wa kontroli boksi. Kwenye Toyota za sensa ya waya mbili unatakiwa usome baina ya 4.5 na 5.5 V. Ukizipata, waya umefika salama na sasa unaweza kuishuku sensa. Usipozipata, wacha sensa yako ikae, tatizo liko nyuma.

Ukilazimika kuunga, tumia waya wenye wavu. Kwenye magari mabovu yanayouzwa vipande unakatiwa kipande na soketi yake kwa bei ndogo kuliko sensa. Solda viungo, vika kila kiungo mpira wa kusinyaa kwa moto, unganisha na wavu kama ulivyokuwa, na upitishe mbali na koili.

Sensa yenyewe

Ziko aina mbili utakazokutana nazo. Ya zamani inazungushwa yenyewe kwenye bloku kama plagi na ina waya mmoja, mwili wake ndio hasi. Ya sasa ni bapa, ina tundu katikati linalopita bolti, na ina waya mbili.

Ile bapa ya Toyota pima ohomu baina ya pini zake mbili ikiwa baridi. Inatakiwa iwe kati ya 120 na 280 kΩ kwenye joto la nyuzi 20. Sisi hatuna nyuzi 20 hapa, lakini ikisoma ndani ya kiwango hicho kivulini inakubalika. Ikisoma sifuri au isipopitisha kitu kabisa, hiyo imekufa. Ile ya waya mmoja kipimo chake ni kinyume: baina ya pini na mwili kusiwe na njia hata kidogo. Ukipata njia, itupe.

Ohomu zikiwa sawa bado hujathibitisha kuwa inasikia. Weka mita kwenye milivolti za AC, shika sensa mkononi, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Namba zinatakiwa ziruke kila unapogonga. Fuwele ikiwa imepasuka haziruki, au zinaruka mara moja moja. Ndiyo maana sensa iliyowahi kuanguka kwenye sakafu ya saruji mimi siifungi kwenye gari ya mtu, hata kama inaonekana mpya. Na ukinunua used, nenda na mita yako dukani. Muuzaji mwaminifu hatokukataza.

Sensa inaposema kweli

Mlio wa kokoto ukiwa wa kweli, tafuta kinachoufanya. Naanza na mafuta. Japani petroli ya kawaida ina okteni (kipimo cha petroli kustahimili bila ya kujilipukia) isiyopungua 89, na ile ya juu isiyopungua 96, na gari zetu zimetengenezwa kwa moja kati ya hizo. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa inashusha okteni kwa kiasi kikubwa. Unaponunua kwenye chupa kijijini, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe na usubiri: petroli safi inaruka na kuiacha karatasi kavu, mafuta ya taa yanabakisha alama ya mafuta. Gari ikianza kugonga siku ileile uliyojaza mafuta, jibu unalo tayari.

Joto linafuata. Rejeta iliyoziba kwa maji ya kisima, feni inayochelewa, thamostati iliyoganda: injini inapochemka, mchanganyiko unajilipukia kirahisi. Tia kulanti, si maji ya kisima yenye chumvi. Kisha plagi zisizo namba yake, kaboni iliyojaa juu ya pistoni kwa gari ya masafa mafupi, na hewa inayoingia kwa kuiba kupitia gasketi ya menifoldi au mpira uliopasuka, ambayo inafanya mchanganyiko uwe mwepesi. Mwisho, shikashika vitu vilivyolegea karibu na sensa: mauntingi ya injini, bati la kukinga joto la ekzosi, braketi ya alteneta. Sikio hili haliwezi kupambanua kila mara baina ya mlipuko na bati linalogonga bloku.

Kubadilisha

Umepima, umethibitisha sensa imekufa. Sasa ibadilishe, na uifunge kwa uangalifu, kwa sababu sensa nzima iliyofungwa vibaya inaleta kodi ileile.

Acha injini ipoe kabisa. Chomoa waya wa hasi wa betri. Kwenye 1NZ sensa iko kwenye bloku upande wa menifoldi ya hewa, na menifoldi imeikalia. Wenye mikono myembamba wanaifikia kutoka chini, mimi nafungua menifoldi, kwa sababu napata kusafisha na kukagua waya wote. Ziba matundu ya hewa kwa vitambaa safi mara tu unapoitoa, na uvihesabu. Nati moja ikitumbukia mle umezaa tatizo kubwa kuliko ulilokuja nalo. Kwenye V6 kazi ni ya siku nzima na mabomba ya petroli yanaweza kufunguliwa, basi ondoa kwanza presha ya mafuta, na pasiwe na moto wala sigara karibu. Ukishafika kule chini badilisha sensa zote mbili pamoja na nyaya zake. Hakuna anayetaka kulipia ufundi ule mara mbili.

Pale sensa inapokaa, bloku ing'ae. Toa kutu, rangi na masizi kwa sandpepa laini, futa kwa kitambaa kikavu. Usiweke washa, usipake grisi, usitie gundi ya gasketi. Kitu chochote kitakachokaa baina ya sensa na bloku kinaziba sikio. Tumia bolti ileile iliyotoka, maana ndefu zaidi inafika mwisho wa tundu kabla haijaibana sensa.

Kukaza ndiyo nukta inayowaangusha wengi. Sensa bapa inakazwa kwa 20 Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Ikilegea haisikii vizuri, ikizidi inapasuka fuwele au inasikia kisichokuwepo. Spana ya toku, inayopima nguvu hiyo, si kila gereji inayo, lakini mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki, huku kwetu haikosekani. Chukua spana yenye mkono mrefu, pima sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, weka alama, tundika ndoano ya mizani pale, na uivute ikiwa imekaa pembe mraba na mkono wa spana. Mshale ukifika kilo 10, acha. Hiyo ni 19.6 Nm, na kwa kazi hii inatosha kabisa. Fanya hivyo mara mbili tatu kwenye bolti nyingine kwanza, mkono uzoee kuvuta bila ya kushtua. Sensa ya kuzungushwa ina kiasi chake kikubwa zaidi, kitafute kwenye kitabu cha injini yako.

Kabla ya kukaza, geuza mdomo wa soketi uelekee ulikokuwa mwanzo, waya usijivute wala kugusa chuma cha moto. Rudisha menifoldi kwa gasketi mpya ikiwa ya zamani imekauka. Kaza bolti zake kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu.

Baada ya kufunga

Rudisha betri, futa kodi, washa. Sailensi inaweza kuyumba kidogo mwanzoni kwa sababu betri ilichomolewa, itatulia. Usimkabidhi mtu gari kwa kuwa taa imezimika tu. Ipashe moto kamili, ifikishe mizunguko zaidi ya 2,000, kisha ipandishe kilima ikiwa na watu ndani, huku mashine imeunganishwa na unatazama digrii za kuwaka kwa cheche. Digrii zikishuka kidogo unapokanyaga na kurudi unapolegeza, sikio linafanya kazi. Zikiganda chini na gari ikawa nzito, rudi kwenye waya.

Na kama kodi inarudi ilhali sensa nzima na waya mzima, basi zile 5 V ndizo za kufuata hadi mwisho wake. Kwenye Toyota nyingi kontroli boksi iko nyuma ya droo ya mbele ya abiria, na mpira wa kioo cha mbele uliochoka unadondosha maji ya masika mlemle. Betri ikiwa imechomolewa, toa soketi zake, tazama kama kuna alama nyeupe au kijani kwenye pini, zisafishe, zikaushe, halafu pima njia ya waya kutoka pini ya kontroli boksi hadi kwenye soketi ya sensa. Hilo likipita salama na volti bado hazitoki, hapo ndipo unapoazima kontroli boksi ya gari ya aina ileile, yenye namba ileile, na kujaribu.